Watu wa Peni Moja Walisimama Mbele

Katika jumba la Globe, London, mwaka 1599, mtu aliyelipa kidogo kuliko wote ndiye aliyesimama karibu zaidi na jukwaa. Ulitoa peni moja mlangoni, ukaingia uani, na kama uliwahi mapema ungeweza kuegemeza viwiko kwenye mbao zilezile ambazo Richard Burbage alikuwa anazikanyaga. Ukitaka kuketi chini ya paa, unapita mlango mwingine na kuongeza peni ya pili. Ukitaka mto wa kukalia na mahali pa kuona na kuonekana, peni ya tatu. Tunazijua bei hizi kwa sababu msafiri mmoja Mswisi, Thomas Platter, alivuka mto Thames tarehe 21 Septemba mwaka huo, baada ya chakula cha mchana, akatazama mchezo wa Julius Caesar, kisha akayaandika yote: milango, bei, vyakula na vinywaji vilivyokuwa vikipitishwa, hata densi iliyochezwa mwishoni.

Na wadosi wenyewe? Hao walilipa kama peni 6 kukaa kwenye vyumba vya mabwana, roshani iliyokuwa juu, nyuma ya jukwaa, ambako muda mwingi walikuwa wakitazama visogo vya waigizaji. Lakini jumba zima liliwaona, na hicho ndicho walichokuwa wananunua.

Naanza na ramani hii ya viti kwa sababu kuna wimbo tunaoimbiwa hapa Nairobi kila mara mchezo unapokosa watu, au unapopata watu wenye kelele: ati hadhira yetu haijakomaa. Ati inacheka pasipochekesha, inajibizana na waigizaji, inatafuna bisi mtu akifa jukwaani. Ati sanaa ya jukwaa inataka mtu aliyesoma, aliyetulia, anayejua ni saa ngapi ya kupiga makofi. Tiketi ikipanda bei tunaambiwa ni vizuri, itachuja watu. Na shahidi anayeletwa kortini, bila kukosa, ni Shakespeare, kana kwamba mzee huyo aliandikia watu waliofunga vifungo vya koti na kunyamaza mwanzo hadi mwisho.

Wanaoimba wimbo huo hawajui shahidi wao alifanya kazi wapi.

Tupige hesabu ya peni kwanza. Shilingi yao ilikuwa na peni 12 (ndiyo, jina la shilingi yetu lilitoka huko), na pauni moja ilikuwa na shilingi 20. Fundi stadi wa London miaka ya 1590, tuseme seremala au mwashi, alipata kama shilingi moja kwa siku, pengine zaidi kidogo. Kibarua alipata pungufu. Kwa hivyo kuingia uani kulimgharimu fundi kama sehemu moja kati ya 12 za mshahara wa siku. Piga hesabu hiyo na mshahara wako, halafu uniambie tiketi ya mchezo uliotangazwa wiki hii inakuja ngapi.

Lakini nisikudanganye kwamba uani ulikuwa wa kila mtu. Kuna watu wanaoipenda sana picha ya London ya Malkia Elizabeth kama karamu, bwana na mwosha vyombo wakicheka pamoja bega kwa bega. Hiyo nayo ni hadithi ya watalii. Peni ilikuwa pia bei ya mkate. Ngano ilipopanda, sheria iliacha bei palepale na kuupunguza mkate uzito, mchezo ambao mtu yeyote anayenunua mkate dukani leo anaujua vizuri. Kati ya 1594 na 1597 mavuno yaliharibika mwaka baada ya mwaka, na mkate wa peni ukazidi kunywea. Mwenye njaa hakuwa na peni ya kuchezea. Wanagenzi, vijana waliofungwa na mkataba wa miaka 7 au zaidi kwa fundi wao, walipewa chakula na mahali pa kulala, na mshahara haukuwemo. Wakiingia uani walikuwa wametafuta hiyo peni kwa njia zao. Na jumba lenyewe liligawanywa kwa ngazi na milango ili aliye juu asisuguane na aliye chini. Tabaka halikuachwa nje ya lango. Liliingia, na likaonekana wazi kuliko mahali pengine popote mjini.

Ninachokipigania mimi ni kidogo kuliko usawa, na ni kigumu zaidi kukanusha: kwamba katika ngazi hiyo, mtu wa peni moja hakuwa mgeni aliyevumiliwa. Jumba lilijengwa likimzunguka.

Tazama umbo lake. Jukwaa halikukaa ukutani kama sanduku. Lilichomoza hadi katikati ya uwanja, watu wakalizunguka pande tatu. Johannes de Witt, Mholanzi aliyeingia Swan mwaka 1596, jumba la jirani kule kando ya mto, aliandika kwamba lilibeba watu 3,000. London nzima wakati huo ilikuwa na watu kama 200,000. Hakukuwa na taa za kuzima: mchezo ulianza kama saa nane mchana, jua likiwa juu, muigizaji akiwaona watazamaji sawasawa na wao wanavyomwona. Huwezi kujificha gizani mahali kama hapo, si wewe si yeye. Mistari mingi ambayo shuleni tulifundishwa kuiita mazungumzo ya mhusika na nafsi yake ilisemwa machoni pa watu waliosimama mita mbili kutoka hapo, na wengine huenda walijibu.

Na pesa? Peni za mlangoni zilikuwa za waigizaji. Wenye jumba walichukua nusu ya mapato ya roshani. Shakespeare, mtoto wa mtengeneza glavu, alikuwa upande wote mbili: mwanahisa wa kundi, na tangu 1599 mwenye hisa katika jumba lenyewe. Wanaakiolojia waliochimba mahali palipokuwa jumba la Rose mwaka 1989 walikuta vipande vya vikopo vya udongo vilivyotumika kukusanyia sarafu. Ulikuwa huwezi kufungua kopo kama hilo. Ulilivunja, ukahesabu. Mshairi mkubwa kuliko wote wa Kiingereza aliishi kwa vigae hivyo.

Sasa tuje kwenye majina. Watu wa uani walikuwa na majina mengi, na hakuna hata moja walilojipa. Lililodumu ni jina la samaki mdogo anayekaa chini kabisa mtoni, kwenye tope, mdomo wazi akiangalia juu. Tunalikuta kwenye Hamlet, pale mwana wa mfalme anapowafundisha waigizaji kazi yao na kulalamika kwamba watu wa chini hawaelewi kitu ila vituko na kelele. Wahadhiri wanapenda sana kuitaja sehemu hiyo. Kwao ni ushahidi kwamba Shakespeare mwenyewe aliwadharau.

Hebu fikiria bana. Anayesema ni Hamlet, mwana wa mfalme, mwanafunzi wa Wittenberg, kijana ambaye muda wake mwingi kwenye mchezo ni kuwatukana watu. Na anayasema wapi? Juu ya vichwa vya haohao samaki, wameegemea jukwaa, wamelipa, na wanamwangalia. Ukiwa umewahi kuona mchekeshaji akiwachokoza watu wa mbele, unajua kinachofuata ni kicheko, si machozi. Wasomi walichukua mdomo wa mhusika mwenye kiburi wakaufanya sensa ya watu.

Wengine waliwaita wanaonuka. Thomas Dekker, ambaye naye aliishi kwa kuandikia majumba ya peni, alilitumia jina hilo bila haya. Wahubiri walikuwa wakali zaidi. Stephen Gosson, aliyekuwa mwandishi wa michezo kabla ya kuokoka, alichapisha shambulio lake mwaka 1579, miaka 3 tu baada ya James Burbage kujenga jumba liitwalo Theatre kule Shoreditch, nje ya kuta za mji. Philip Stubbes akafuata 1583. Kisha mameya wa London, mmoja baada ya mwingine, wakaiandikia barua serikali ya Malkia: michezo inakusanya wezi, watu wasio na bwana, inaeneza tauni, inawatoa wanagenzi na watumishi kazini. Tarehe 28 Julai 1597 Baraza la Malkia lilitoa amri majumba ya michezo yabomolewe. Hayakubomolewa. Malkia mwenyewe alipenda michezo, na waigizaji walikuwa na mabwana wakubwa wa kuwakinga. Sheria ya 1572 ilikuwa imeamua kwamba muigizaji asiye na bwana wa kumlinda ni mzururaji, na mzururaji alichapwa viboko.

Utaona kwamba karibu kila kitu tunachojua kuhusu watu wa peni kiliandikwa na mtu aliyetaka waondoke. Ni kama historia ya kibanda cha chakula ingeandikwa na askari wa kanjo peke yao.

Hapo ndipo ninapogombana na Ann Jennalie Cook. Mwaka 1941 Alfred Harbage, profesa Mmarekani, alitoa kitabu kuhusu hadhira ya Shakespeare akisema ilikuwa hasa ya watu wa kazi. Miaka 40 baadaye, 1981, Cook akamjibu kwa kitabu kilichodai kinyume: waliojaza majumba ni wenye nafasi, watu wa elimu, cheo na mali. Hoja yake moja ni ya saa. Michezo ilianza mchana, siku za kazi. Mtu wa kazi angetoka vipi? Hoja ni safi sana ukiwa na ofisi. Mtu aliyeishi mjini miongoni mwa mahasla anajua kwamba saa nane mchana kuna fundi anayesubiri saruji ifike, kuna kibarua ambaye hakuchaguliwa asubuhi, kuna aliyetumwa na mdosi mtaa wa pili akapitia wa tano. London ilikuwa na maelfu ya watu wa namna hiyo. Wapiga makasia peke yao, waliovusha watazamaji kutoka ng'ambo hii ya Thames hadi ile, walikuwa wengi kiasi kwamba jumba la Rose lilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1590 waliandika maombi lifunguliwe, familia zao zilikuwa zinaumia.

Halafu kuna mameya. Kama watu wa kazi hawakuweza kwenda, meya alikuwa analia nini miaka yote hiyo? Huwezi kushtaki ukumbi kwamba unamaliza wanagenzi kwenye karakana, halafu karne nne baadaye profesa aje athibitishe kwamba hawakuwemo.

Lakini ushahidi ninaoupenda zaidi umo kwenye mchezo uleule aliouona Platter. Mwalimu Nyerere aliutia Kiswahili mwaka 1963, na wengi wetu tunaujua kama Juliasi Kaizari. Pazia la mawazo linafunguka wapi? Hatuanzi ikulu. Tunaanza barabarani, mafundi wamejaa njiani, na wakubwa wawili wanawafokea: leo ni siku ya kazi, mbona mko nje, vifaa vyenu viko wapi? Mmoja ni seremala. Mwingine, fundi viatu, anawazungusha wale wakubwa kwa mafumbo mpaka wanachanganyikiwa, kisha anasema anawatembeza watu mjini ili viatu viishe soli apate kazi. Sasa weka tukio hilo mahali pake: saa nane na kitu mchana, uani kumejaa watu walioacha kazi zao na kulipa peni, na neno la kwanza kutoka jukwaani ni la mkubwa anayewauliza kwa nini hawako kazini. Mzaha huo hauna maana kama waliosimama pale ni mawakili tu. Shakespeare alijua nani yuko mbele yake, akaanza nao.

Hakuwabembeleza, hilo ni kweli. Katika mchezo huohuo umati uliochochewa na Antoni unamrarua mshairi Sina kwa sababu tu jina lake linafanana na la mtu mwingine. Ni tukio baya, na liliigizwa mbele ya umati. Mtu anayedharau watu hawapi kitu kama hicho kukitafakari wakiwa wamesimama. Anawapa vituko wacheke waende.

Andrew Gurr, aliyeandika 1987, alisimama katikati ya Harbage na Cook: kila tabaka lilikwenda, kwa viwango tofauti, kwa majumba tofauti, kwa miaka tofauti. Nadhani alikuwa sahihi kuliko wote wawili. (Na huyu Gurr, ambaye baadaye alikuwa mshauri mkuu wa kitaaluma wa ujenzi mpya wa Globe, alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Dunia ni ndogo.) Kitabu chake kina orodha ya watu zaidi ya 100 ambao tunajua kwa majina kwamba walikwenda kutazama michezo. Wengi wao ni mabwana, wanasheria, mabalozi. Lazima iwe hivyo, kwa sababu hao ndio walioandika shajara na barua. Fundi viatu alirudi kwenye kazi yake, na hakuna karatasi iliyobaki.

Tuje kwenye adabu, maana ndiyo kesi yenyewe. Nani alipiga kelele?

Mwaka 1609, miaka 6 baada ya Elizabeth kufa, yule Dekker alichapisha kitabu cha kejeli chenye sura nzima ya kumfundisha barobaro mwenye pesa jinsi ya kujiendesha kwenye mchezo. Njoo umechelewa. Usikae na watu. Lipia kigoda ukaketi juu ya jukwaa lenyewe, katikati ya waigizaji, ili suti yako ionekane. Cheka kwa sauti tukio likiwa la huzuni kabisa. Mchezo ukifika katikati, simama uondoke na marafiki zako. Ni kejeli, lakini kejeli haifanyi kazi kama wasomaji hawamjui mtu anayechekwa. Vigoda vilikuwepo, na waliovikalia walivilipia pesa nzuri. Kwa hivyo aliyevunja mchezo hakuwa samaki wa topeni, ambaye akichoka angalau alizomea akiwa mahali pake. Alikuwa tajiri kwenye kigoda. Leo naye yupo, ana simu yenye tochi, yuko safu ya VIP.

Na ujuzi? Mwaka 1607 Francis Beaumont aliwapelekea watazamaji ghali wa Blackfriars mchezo uitwao The Knight of the Burning Pestle. Muuza duka na mkewe, walioketi miongoni mwa watazamaji, wanapanda jukwaani kukatiza mchezo na kudai hadithi wanayoitaka wao. Ni mojawapo ya komedi zenye akili zaidi za zama hizo. Watu waliosoma waliikataa. Mchapishaji aliyeitoa 1613 alisema wazi kwamba ilitupwa nje. Nisiwe mwongo: uani wa Globe nao uliizomea Sejanus ya Ben Jonson. Kukosea kuhusu sanaa hakujawahi kuwa mali ya tabaka moja.

Jonson hakusahau. Alilelewa na baba wa kambo mwashi, yeye mwenyewe aliwahi kupanga matofali, na hakuna mtu anayewaogopa watu wa peni kama aliyetoka kwao juzi. Mwaka 1614, kwenye jumba la Hope, ambalo siku nyingine lilitumika kupambanisha dubu na mbwa, alifungua Bartholomew Fair kwa mzaha wenye sumu: karani anasoma mkataba kati ya mwandishi na watazamaji. Kila mmoja anaruhusiwa kuukosoa mchezo kwa kiasi alicholipa. Mwenye kiti cha peni 6 ana haki ya ukosoaji wa peni 6, wa shilingi ana wa shilingi, hadi nusu krauni, peni 30. Watu walicheka, nadhani. Lakini ukiusoma leo unaona ni sera ya kumbi zetu nyingi, minus kicheko.

Maana mwelekeo ulikuwa umeshageuka. Mwaka 1596 James Burbage alinunua kwa pauni 600 ukumbi wa ndani, Blackfriars, mtaa wa watu wa maana ndani ya kuta za mji. Majirani waliandika pingamizi: wazururaji watakuja, ngoma na tarumbeta zitasumbua kanisa. Miongoni mwa waliotia sahihi ni Lord Hunsdon, ambaye ndiye bwana mlezi wa kundi la Burbage na Shakespeare. Aliwapenda waigizaji wake sana, mradi tu wasihamie kwake. Mzee Burbage akafa 1597 bila kuutumia. Kuanzia 1600 walicheza humo watoto wa kiume, na kundi la Shakespeare lenyewe likaingia baada ya kuuchukua tena mwaka 1608.

Kiingilio cha chini kabisa Blackfriars kilikuwa peni 6. Mara sita ya Globe. Lakini bei si jambo baya kuliko yote hapo, ramani ndiyo. Sasa peni 6 ilikupeleka juu, nyuma, mbali. Benchi karibu na jukwaa ilikuwa shilingi moja na nusu. Sanduku la pembeni, nusu krauni. Ukumbi ulibeba mamia tu badala ya maelfu, mishumaa ikiwaka. Kwa mara ya kwanza ukaribu na muigizaji ukawa bidhaa, na aliyekuwa nacho kidogo akasukumwa mwisho. Ukiingia ukumbi wowote leo ukaangalia bei za viti, unaangalia Blackfriars.

Wenye kumbi watasema: hesabu ndiyo hesabu, waigizaji watakula nini? Ni swali la haki, na jibu lake si la kupendeza upande wangu: Blackfriars iliingiza pesa zaidi kuliko Globe, na watu wachache zaidi. Lakini Globe ilipoungua tarehe 29 Juni 1613, cheche za mzinga zikiwa zimeshika paa la nyasi, kundi hilo halikusema asante Mungu tuhamie ndani moja kwa moja. Lilijenga Globe upya, kwa gharama kubwa, likafungua 1614. Wafanyabiashara wale, ambao walijua peni yao inatoka wapi, waliona uani una kitu ambacho ukumbi wa ndani hauna.

Waliofukuzwa hawakukaa kimya. Christopher Beeston alijenga ukumbi wa ndani, Cockpit, karibu na Drury Lane, akalihamishia huko kundi lililokuwa likicheza Red Bull, jumba la wazi la Clerkenwell lililopendwa na wanagenzi. Michezo ileile, waigizaji walewale, bei ya watu wengine. Tarehe 4 Machi 1617 wanagenzi waliivamia Cockpit, wakararua mavazi na kuchoma vitabu vya michezo. Waigizaji walijibu kwa bunduki, na damu ikamwagika. Ni kweli siku hiyo, Jumanne kabla ya Kwaresima, wanagenzi walikuwa na desturi ya fujo, madanguro yakivunjwa kila mwaka, na wapo wanahistoria wanaosema tusitafute sababu zaidi ya hapo. Mimi naona ukichoma vitabu vya michezo ambayo mwaka uliopita uliitazama kwa peni moja, una hasira na kitu fulani. Beeston alikarabati, watu wakalipa jumba jina la Phoenix. Bei haikushuka.

Bunge lilifunga majumba yote mwaka 1642. Michezo iliporudi 1660, Mfalme Charles wa Pili alitoa kibali kwa makundi mawili tu, ndani ya kumbi zenye paa. Kiti cha rahisi kabisa kilikuwa shilingi moja, juu kabisa karibu na dari. Peni 12 mahali palipokuwa na peni moja. Uani haukurudi, na ukimya tunaouita wa kitamaduni uliletwa hatua kwa hatua na karne zilizofuata, pamoja na viti vya velveti na taa zinazozimwa. Mkoloni alipojenga ukumbi wa taifa hapa Nairobi, ukafunguliwa 1952, alituletea sanduku hilo la viti na safu akaliita ukumbi, kana kwamba hakuna umbo lingine. Watu wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walijua lipo lingine. Mwaka 1977 walijenga wenyewe jukwaa la wazi la watu zaidi ya 2,000 kwa ajili ya Ngaahika Ndeenda, wakafanya mazoezi hadharani, wapita njia wakiwasahihisha waigizaji jinsi kazi ya kiwandani inavyofanywa. Leseni ilifutwa ndani ya wiki chache, na 1982 jukwaa likabomolewa. Amri ya London ya 1597 ilibaki karatasi. Ya kwetu ilikuja na polisi.

Kwa hivyo msituambie hadhira haijakomaa. Mtazamaji akijibu jukwaani, anafanya kile ambacho michezo hiyo iliandikwa ikikisubiri. Kama kweli Shakespeare ndiye kipimo chenu, basi fanyeni kitu kimoja: ondoeni safu tatu za mbele, wekeni watu wasimame hapo, muuze nafasi hizo kwa bei ya mkate. Wenye pesa wapeni roshani na mito. Watalipa, kwa sababu wamekuwa wakilipia kuonekana tangu 1599.

Si jambo geni kwetu. Mwaka 2012 kundi la Wakenya lilicheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili, Wanawake wa Heri wa Windsa, katika Globe iliyojengwa upya London. Wenye viti walikaa roshani. Tiketi ya kusimama chini ya jukwaa, karibu kiasi cha kulowa jasho la muigizaji, iliuzwa pauni 5, na ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote.